Mvua kushoto, joto kulia: Excel, Google Sheets na LibreOffice Calc kwenye chati ya vipimo viwili

Weka mvua na joto la mwaka mzima kwenye chati moja bila kugusa kitu kingine, na joto litaonekana kama uzi uliolala sakafuni. Mvua ya Aprili jijini Dar es Salaam inafika milimita 250 hivi, wakati joto la wastani linacheza kati ya nyuzi 24 na 28. Kompyuta inachora vyote viwili kwa rula moja inayoanzia 0 hadi 300, na zile nyuzi 4 zinazotenganisha Februari na Julai zinamezwa zisionekane. Dawa yake ni mhimili wa pili, yaani mstari wa pili wa namba upande wa kulia, wenye kipimo chake.

Hapa tunazipima programu tatu ambazo watu wengi wanazo au wanaweza kuzipata leo hii: Excel ya kompyuta, Google Sheets na LibreOffice Calc. Zote tatu zinaweza kazi hii. Excel inakupa mamlaka makubwa zaidi juu ya kila kipande cha chati. Calc ni ya bure na ina tiki moja ambayo watumiaji wa Excel wangeipenda sana. Sheets ndiyo ya haraka, hasa kama chati inatazamwa na watu watano waliokaa mikoa mitano. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayojua milimita zina uhusiano gani na nyuzi joto. Inachukua namba za kila upande, inabuni kipimo kinachozitosha, basi. Kuvipatanisha vipimo viwili ni kazi ya mchoraji, na ndipo chati nyingi zinapoharibikia. Kwa hiyo sehemu ndefu ya uhakiki huu iko huko, si kwenye menyu.

Data ya kujaribia

Namba hizi ni za mazoezi. Zimezungushwa zifuate mwenendo wa Dar es Salaam, yaani masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na si takwimu rasmi za kunukuu. Safu A ni mwezi, safu B ni mvua kwa milimita, safu C ni wastani wa joto kwa selsiasi:

Januari 75, 28
Februari 55, 28
Machi 140, 28
Aprili 250, 27
Mei 200, 26
Juni 45, 25
Julai 25, 24
Agosti 25, 24
Septemba 25, 25
Oktoba 70, 26
Novemba 125, 27
Desemba 120, 28

Mambo matatu yaangaliwe kabla ya kuchora. Usiandike "75 mm" ndani ya seli. Seli hiyo inageuka maandishi, na Excel huchora maandishi kama sifuri. Kizio kiwekwe kwenye kichwa cha safu. Ukitaka kujua seli ni namba au maandishi, ondoa upangaji wowote wa kushoto au katikati uliowekwa kwa mkono: namba hukimbilia kulia, maandishi hubaki kushoto. Pili, kama safu ya kwanza ni miaka, mfano 2015, 2016, 2017, Excel inaweza kuidhania kuwa data na kuichora kama mstari wa tatu ulio juu kabisa, kwenye 2,000 na ushee. Acha seli ya A1 wazi, au igeuze miaka kuwa maandishi. Tatu, mwezi usio na kipimo uachwe mtupu. Ukiandika 0 unamwambia msomaji kwamba mvua haikunyesha, na hilo ni tofauti na kusema kipimo hakikuchukuliwa.

Excel

Kuanzia toleo la 2013 njia fupi ni hii. Chagua A1 hadi C13, fungua "Insert", kisha "Recommended Charts", kichupo cha "All Charts", na chini kabisa kwenye orodha kuna "Combo". Chini ya picha ya mfano utaona kila mfululizo wa data, yaani safu moja ya namba, na mstari wake wa kuchagua: mvua ipe "Clustered Column", joto lipe "Line with Markers", na kisanduku cha "Secondary Axis" kitiwe tiki kwa joto peke yake. Bonyeza OK. Dakika moja haijaisha.

Kwenye chati iliyokwisha kuchorwa, bofya mfululizo wenyewe kwa kitufe cha kulia, chagua "Format Data Series", kisha "Secondary Axis". Hapa pana kikwazo kinachowachosha wanaoanza: mstari uliolala chini ya nguzo haukamatiki kwa kipanya. Unabofya mara kumi, unakamata nguzo mara kumi. Usihangaike nao. Bofya chati, nenda kichupo cha "Format", na mwanzoni kabisa upande wa kushoto kuna orodha inayoshuka yenye majina ya sehemu zote za chati. Chagua jina la mfululizo hapo, kisha bonyeza "Format Selection" iliyo chini yake. Orodha hiyo ndogo ni mojawapo ya vitu bora kabisa vya Excel.

Kumbuka pia kwamba Excel huchora mfululizo wa mhimili wa pili juu ya ule wa mhimili wa kwanza, siku zote, na hakuna mpangilio wa kubadili hilo. Kwa hiyo nguzo ziende mhimili wa kwanza na mstari wa pili. Ukikosea ukaweka nguzo kulia, zitaufunika mstari, na utamaliza asubuhi ukitafuta kitufe ambacho hakipo. Vilevile chati za mwonekano wa vipimo vitatu na za mapovu hazichanganyiki na aina nyingine. Excel itakataa waziwazi.

Majina ya mihimili hayaji yenyewe. Bonyeza alama ya jumlisha pembeni mwa chati, "Axis Titles", weka "Primary Vertical" na "Secondary Vertical". Andika "Mvua, mm" na "Joto, °C". Chati ya vipimo viwili isiyo na majina haya haifai kutoka nje ya ofisi, kwa sababu msomaji hana namna ya kujua namba ipi ni ya nani.

Na usiufute mhimili wa kulia kwa kitufe cha Delete eti unapunguza msongamano. Ukiufuta, joto linarudi kusomwa kwa kipimo cha mvua na mstari unaanguka tena sakafuni. Ukitaka namba zake zisionekane, fungua "Format Axis", sehemu ya "Labels", na "Label Position" iwe "None". Mhimili unabaki kazini, maandishi tu ndiyo yanayoondoka.

Google Sheets

Chagua data, "Insert", "Chart". Sheets itakuchagulia aina yenyewe, na mara nyingi haitakuwa unayoitaka. Kwenye "Setup" badilisha iwe "Combo chart", kisha hakikisha tiki za kutumia safu A kama majina na mstari wa kwanza kama vichwa zimewekwa. Halafu "Customize", "Series".

Makosa mengi ya Sheets yanatokea hapa. Orodha ya juu inaanza ikiwa kwenye "Apply to all series". Ukibadilisha "Axis" kuwa "Right axis" wakati orodha iko hapo, mifululizo yote miwili inahamia kulia, upande wa kushoto unabaki mweupe, na chati inakuwa ileile ya mwanzo iliyogeuzwa upande. Fungua orodha hiyo kwanza, chagua joto, ndipo uihamishe. Baada ya hapo sehemu mpya ya "Right vertical axis" inajitokeza chini, yenye nafasi za "Min" na "Max". Hatua za namba zinapangwa kwingine, kwenye "Gridlines and ticks": unachagua mhimili, kisha aina ya nafasi iwe "Step" na kuandika ukubwa wa hatua.

Uzuri wa Sheets ni kwamba chati ukiibandika kwenye Google Docs au Slides hubaki na kiungo; namba zikibadilika, kitufe cha "Update" kinaisasisha. Kwa ripoti ya kila mwezi hilo linaokoa kazi nyingi. Ubaya ni kwamba inakula bando, na matumizi bila intaneti lazima yawe yamewashwa mapema kwenye kivinjari kabla mtandao haujakatika. Kwenye simu usijaribu. Fungua kompyuta.

LibreOffice Calc

Faili la kuisakinisha ni zaidi ya megabaiti 300, unalipakua mara moja, na baada ya hapo hudaiwi ada wala akaunti. Kwa shule yenye kompyuta kuukuu 20 hilo si jambo dogo.

"Insert", "Chart", na msaidizi wa hatua nne anafunguka. Aina iwe "Column and Line". Pembeni kuna kihesabio cha idadi ya mistari. Acha 1, na safu ya mwisho ya jedwali ndiyo itakayokuwa mstari. Ndiyo maana joto limewekwa safu C na si B. Maliza hatua, kisha bofya chati mara mbili uingie ndani yake, bofya mstari kwa kitufe cha kulia, "Format Data Series", kichupo cha "Options", na chini ya "Align Series to" chagua "Secondary Y axis". Mhimili wa kulia usipojitokeza, nenda "Insert", "Axes", uutie tiki mwenyewe.

Anayetoka Excel hupotea hapa kwa sababu Calc ina hali mbili za kubofya. Bofyo moja linaishika chati kama picha nzima. Mabofyo mawili yanakuingiza ndani yake na menyu za juu zinabadilika. Ukiona menyu hazina neno la mihimili, bado uko nje.

Kwenye kichupo hichohicho cha "Options" kuna tiki tuliyoitaja mwanzoni: "Show bars side by side". Thamani yake inaonekana pale vitu vyote viwili vinapotakiwa kuwa nguzo, mfano mauzo kwa shilingi upande wa kushoto na idadi ya wateja upande wa kulia. Kwa kawaida nguzo za mihimili miwili husimama mahali pamoja, moja ikiificha nyingine. Calc inazitenganisha kwa tiki moja.

Excel haina tiki hiyo, lakini kuna njia ya kuzunguka. Ongeza safu mbili tupu kwenye jedwali zikae katikati ili mpangilio uwe mauzo, tupu ya kwanza, tupu ya pili, wateja. Mbili za mwanzo ziwe mhimili wa kwanza, mbili za mwisho mhimili wa pili, zote aina ya "Clustered Column". Tupu ya kwanza inashika nafasi ya kulia ya mauzo, tupu ya pili inashika nafasi ya kushoto ya wateja, na nguzo za kweli zinajikuta zimesimama bega kwa bega. "Gap Width" lazima iwe sawa kwa mihimili yote miwili, tuseme asilimia 80, kwa sababu kila mhimili una yake. Mwisho bofya majina ya safu tupu kwenye ufunguo wa chati (orodha ya rangi na majina yake, "Legend"), moja moja, uyafute. Inafanya kazi vizuri, lakini ni hatua sita kwa jambo ambalo Calc inalimaliza kwa moja.

Kupatanisha vipimo

Sasa tuje kwenye kiini. Ukiacha kila kitu kijipange chenyewe kwenye Excel, mhimili wa joto hautaanzia sifuri. Kanuni yake ya ndani ni kwamba tofauti kati ya namba kubwa na ndogo ikiwa chini ya asilimia 16.67 ya namba kubwa, mhimili unaanzia juu ya sifuri. Kwetu 28 kutoa 24 ni 4, na 4 ni asilimia 14.3 ya 28. Basi utapata kipimo cha karibu 22 hadi 29. Itazame picha inayotokea: Februari yenye nyuzi 28 inasimama hatua 6 juu ya sakafu ya chati, Julai yenye nyuzi 24 inasimama hatua 2. Machoni joto limeporomoka likabaki theluthi moja. Mtu ambaye hajawahi kufika Dar es Salaam ataamini kwamba Julai watu wanavaa makoti mazito.

Je, ulazimishe sifuri? Kwa nguzo, ndiyo, bila mjadala, kwa kuwa urefu wa nguzo ndio ujumbe wake. Ukiikata miguu umebadilisha habari. Kwa mstari wa joto hoja ni nyingine. Sifuri ya selsiasi ni pale maji yanapoganda, haina maana ya kutokuwa na joto, hivyo mstari waweza kuanzia kwingine kihalali, mradi mchoraji ameamua na ameandika kipimo wazi.

Kanuni ya kwanza ya kupatanisha ni idadi ya hatua. Mistari ya gridi inayokatiza chati kwa kawaida ni ya mhimili wa kushoto tu. Kama kushoto kuna hatua 6 na kulia hatua 7, msomaji akifuata mstari wa gridi hadi kulia hakuti namba, anakuta pengo. Chagua kipimo cha kushoto 0 hadi 300 kwa hatua ya 50, na cha kulia 0 hadi 30 kwa hatua ya 5. Zote ni hatua 6, na kila mstari wa gridi unagusa namba pande zote mbili. Katika Excel namba hizi zinaandikwa kwenye "Format Axis", sehemu ya "Bounds" na "Units". Ukishaandika, neno "Reset" linatokea pembeni kuonyesha kwamba umeishika kwa mkono. Katika Calc ziko kichupo cha "Scaling", na lazima uondoe tiki ya "Automatic" ya kila moja kwanza.

Ukishika kwa mkono, unabeba na wajibu wake. Mwaka ujao Aprili ikileta milimita 340, nguzo itakatwa kwenye 300 bila onyo. Kila data mpya ikiingia, angalia kilele.

Hatua zikilingana, chati inasomeka. Bado lakini mstari na nguzo vinakutana au kuachana mahali pasipo na maana. Kwa kipimo cha 0 hadi 30, mstari wa joto unapita juu ya nguzo zote. Ukiufanya 0 hadi 60, nguzo za Aprili na Mei zinautoboa na ya Machi inaugusa. Hali ya hewa haijabadilika, kilichobadilika ni namba moja ndani ya kisanduku. Kwa hiyo usiandike kamwe "mvua inalipita joto mwezi Aprili" kwa kutazama makutano ya chati kama hii.

Isipokuwa kama uwiano wa vipimo wenyewe una maana. Na kwa mvua na joto upo uwiano kama huo. Heinrich Walter na Helmut Lieth, wanasayansi wa Ujerumani waliochapisha atlasi ya michoro ya tabianchi ya dunia miaka ya 1960, walichora kwa kanuni kwamba nyuzi 10 zilingane na milimita 20. Kwa uwiano huo, mwezi ambao mvua yake iko chini ya mstari wa joto unahesabiwa kuwa mkavu. Makutano yanakuwa na maana kwa sababu vipimo vimefungwa pamoja kwa makusudi.

Tuujaribu kwenye data yetu. Juni ina joto 25, ambalo ni sawa na milimita 50, na mvua ni 45: mkavu. Julai, Agosti na Septemba, milimita 25 dhidi ya 48 na 50, mikavu kabisa. Oktoba 70 dhidi ya 52, vuli imefungua. Na Februari, milimita 55 dhidi ya 56, inakaa hasa kwenye ukingo. Huo ukavu mfupi kati ya vuli na masika, ambao mkulima wa pwani anaujua vizuri, chati ya vipimo vilivyojipanga vyenyewe isingekuonyesha.

Tatizo la kiufundi ni kwamba ukifuata uwiano huo kwa mvua ya 0 hadi 300, joto linapata 0 hadi 150, na mstari unabanwa tena chini. Walter na Lieth walilitatua kwa kukibana kipimo mara 10 juu ya milimita 100. Programu hizi hazina kipimo cha kukunjwa, lakini inatosha kukunja data yenyewe. Kwenye safu D, seli D2, andika:

=IF(B2<=100,B2,100+(B2-100)/10)

Buruta hadi chini. Machi ya 140 inakuwa 104, Aprili ya 250 inakuwa 115, Mei ya 200 inakuwa 110. Kompyuta iliyowekwa kwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi Bukavu na Bujumbura, inataka =SI na nukta mkato mahali pa mkato. Chora safu D badala ya B, kipimo cha kushoto 0 hadi 120 kwa hatua ya 20, cha kulia 0 hadi 60 kwa hatua ya 10. Hatua ni 6 kwa 6, na uwiano ni 2 kwa 1 sawasawa.

Inabaki namba ya juu kushoto, 120, ambayo kwa kweli sasa inasimama badala ya milimita 300. Kwenye Excel fungua "Format Axis", "Number", na kwenye "Format Code" andika [=120]"300";0 kisha bonyeza "Add". Mhimili utasoma 0, 20, 40 hadi 100, kisha 300. Msimbo huo Calc nayo inauelewa, ukiondoa kwanza tiki inayoufunga mhimili na muundo wa seli za jedwali. Ili msomaji asidanganyike, weka namba halisi juu ya nguzo zilizopita 100: katika Excel, "Add Data Labels", kisha "Value From Cells", chagua safu B, uondoe tiki ya "Value". Na chini ya chati andika sentensi moja kwamba juu ya milimita 100 kipimo kimebanwa mara 10. Sentensi hiyo si ya hiari.

Sifuri mbili zisizokutana

Kwa wafanyabiashara shida inayojirudia ni nyingine: mauzo hayashuki chini ya sifuri, lakini badiliko la asilimia kutoka mwezi uliopita hushuka. Excel inaweka sifuri ya mauzo chini kabisa na sifuri ya asilimia katikati, na mwezi uliopoteza asilimia 10 unaonekana umepanda juu ya mstari wa chini. Mwenye duka anafurahia hasara.

Tiba ni hesabu ya darasani. Kama asilimia inakwenda kutoka -20 hadi 40, cha chini ni nusu ya cha juu upande wa hasi. Mauzo yapewe uwiano uleule: cha juu milioni 12, cha chini hasi milioni 6. Hatua ziwe asilimia 10 kulia na milioni 3 kushoto. Hatua 6 kila upande, na sifuri mbili zimekaa mstari mmoja. Namba hasi za mauzo zinachekesha macho kwa kuwa hakuna mauzo hasi, basi zifiche kwa muundo wa namba #,##0;;0 ambao unaacha sehemu ya hasi tupu. Majina ya miezi nayo yatajikuta katikati ya chati. "Label Position" ya mhimili wa chini iwe "Low" na yatashuka mahali pake.

Pale ambapo mhimili wa pili haufai

Programu zote tatu zinakomea mihimili miwili ya wima. Ukiwa na vitu vitatu vyenye vizio vitatu, acha wazo hilo. Chora chati mbili au tatu fupi, moja juu ya nyingine, upana mmoja, miezi ikiwa imepangana. Macho yanashuka wima bila kuchanganyikiwa.

Kama unacholinganisha ni mwendo, mathalani bei ya unga na bei ya mafuta ya taa zimepandaje tangu Januari, mhimili wa pili ni chaguo baya. Geuza zote kuwa faharisi: =B2/B$2*100, buruta kulia na chini kwenye eneo jipya. Kila kitu kinaanzia 100, mhimili unakuwa mmoja, na hakuna anayeweza kuhamisha mstari kwa kubadilisha kipimo. Na mstari usiunganishe vitu visivyofuatana. Miezi inafuatana, Mtwara, Tanga na Kigoma hazifuatani. Huko weka alama za nukta tu, mstari wenyewe uwe "No line".

Rangi, karatasi na kuhamisha faili

Maandishi ya mhimili wa kushoto yapakwe rangi ya nguzo, ya kulia rangi ya mstari: bluu na bluu, nyekundu na nyekundu. Hakuna ushauri mwingine wa dakika moja unaosaidia chati hizi kuliko huu. Lakini ripoti nyingi huishia kwenye fotokopi, na fotokopi inageuza bluu na nyekundu kuwa kijivu kimoja. Mstari uwe na unene wa pointi 2.25, alama za mviringo zilizojazwa, na nguzo ziwe nyepesi. Andika neno "Joto" kando ya mstari wenyewe badala ya kutegemea ufunguo wa rangi.

Faili likihama kutoka programu moja kwenda nyingine, jedwali hufika salama kuliko chati. Chati iliyotengenezwa Calc na kuhifadhiwa kama xlsx yaweza kufunguka Excel ikiwa na mafonti, nafasi au majina ya mihimili yaliyosogea. Lebo zilizochukuliwa kutoka seli ndizo za kwanza kukaguliwa. Kama mpokeaji anahitaji kuitazama tu, mtumie picha: Calc ina "Export as Image" kwenye kitufe cha kulia, na picha ya aina ya SVG inabaki safi hata ikikuzwa ukutani. Kama anahitaji kuihariri, mtumie pamoja na jedwali karatasi fupi yenye namba nne za vipimo, cha chini na cha juu kwa kila upande, na hatua zake. Kwa namba hizo ataijenga upya chati ileile kwenye programu yoyote kati ya hizi tatu.